Hesabu tatu, mabingwa watatu

Niliingia kwenye kamati ya ligi yetu kwa sababu ya mwandiko. Katibu aliyenitangulia alikuwa akiandika matokeo kwenye karatasi za kufungia mabuyu, na baada ya mechi za wikendi nzima kupotea, wazee wakatafuta mtu anayejua kutunza kumbukumbu. Kazi yangu ni ya ofisini, ya kuondoa mizigo bandarini. Huko ukikosea tarakimu moja kwenye fomu, kontena lalala Kilindini na mwenye mzigo analipia kila siku inayopita. Basi wakanikabidhi daftari. "Bi Katibu, msimamo sasa uko kwako," mwenyekiti akaniambia, na tangu hapo hakuna pale uwanjani anayeniita kwa jina jingine.

Ligi yenyewe ni ya mtaa. Msimu wa 2019/20 tulikuwa na timu 12 za Mombasa, kutoka kisiwani, Kisauni, Likoni na Changamwe, kila timu icheze na nyingine mara mbili, yaani mechi 22. Ada ya kujiunga ndiyo inayolipa marefa, mipira na chokaa ya kuchorea mistari. Bingwa hupata kombe, seti ya jezi na mbuzi wawili kutoka kwa mfadhili wetu, bwana mmoja mwenye duka la vipuri vya magari. Timu mbili za mkiani huondoka, zikapisha mbili mpya zilizo kwenye foleni. Nayaeleza haya mapema kwa kuwa ugomvi uliokuja baadaye haukuwa wa mpira peke yake. Ulikuwa wa ada, wa mbuzi na wa foleni.

Tarehe 13 Machi 2020, siku ya Ijumaa, serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, na mikusanyiko yote ikapigwa marufuku, michezo ikiwemo. Mechi za Jumamosi nilizisimamisha kwa ujumbe wa WhatsApp: "Hadi mtakapoarifiwa." Machi 27 ikaanza kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na jinsi polisi walivyowapiga watu waliokuwa wakisubiri feri Likoni jioni ile, nchi nzima iliona kwenye simu. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mapema Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, waliomo ndani wabaki ndani.

Daftari langu lilisimama hivi. Likoni walikuwa juu kwa pointi 34, mechi 16. Mji wa Kale walifuata kwa pointi 32, mechi 15. Kongowea walikuwa na pointi 30, lakini walikuwa wamecheza mechi 14 tu. Viporo havikosekani kwenye ligi ya mtaa: leo mvua, kesho matanga, siku nyingine mnafika mkakuta uwanja una harusi.

Kwa mwezi wa kwanza hakuna aliyeuliza kitu. Watu walikuwa wakitafuta barakoa na kuhesabu akiba. Swali liliibuka Ramadhani ilipoanza, mwishoni mwa Aprili, wakati ambao kwa kawaida jioni zetu hujaa mpira na mwaka huo hazikuwa na kitu. Kocha wa Likoni akaandika kwenye grupu: "Bi Katibu, twaomba utangaze bingwa. Msimamo ni msimamo. Aliye juu ndiye."

Nahodha wa Kongowea hakukawia. Kijana huyu amesomea uhasibu, na haandiki jambo bila kulipigia hesabu. Akasema pointi zigawanywe kwa idadi ya mechi, kwani si haki timu iliyocheza mara 14 kupimwa na iliyocheza mara 16. Nikazigawanya. Likoni 2.125. Mji wa Kale 2.133. Kongowea 2.143. Tofauti hizo ukizipuliza zapeperuka, lakini hesabu ni hesabu, na kwa hiyo Kongowea ndio vinara.

Mji wa Kale wakangoja wenzao wachoke ndipo mzee wao mmoja akatuma sauti, kwa upole kabisa. Alisema mzunguko wa pili haukuwa sawa kwa mtu yeyote: kuna aliyekwisha kuwamaliza wanyonge, na kuna aliyebakisha wanyonge watupu. Wakati pekee ambapo kila timu ilikuwa imekutana na kila timu mara moja ni mwisho wa mzunguko wa kwanza. "Fungua daftari lako, mwanangu, utuambie hapo ilikuwaje." Nikafungua. Mji wa Kale 25, Likoni 24, Kongowea 23.

Basi nikawa na hesabu tatu, mabingwa watatu, na hakuna hesabu iliyokuwa na kosa. Nilizipitia upya usiku huo kama ninavyopitia karatasi za forodha, nikitafuta pa kushika, nisipate. Kila njia ilikuwa na haki yake. Na kila njia ilikuwa imeletwa na yule inayemfaa. Sikuona kocha hata mmoja aliyependekeza kanuni ya kumnyima mbuzi.

Hapo grupu likageuka baraza la soka la dunia, maana dunia nzima ilikuwa kwenye shida hiyo hiyo na kila mtu akaenda kuokota mfano wake. Wa kwanza ulikuwa wa Uholanzi. Aprili 24 wao waliufuta msimu: hakuna bingwa, hakuna anayeshuka, hakuna anayepanda. Vilabu viwili vya juu, Ajax na AZ, walikuwa sawa kwa pointi 56, ingawa AZ alikuwa amemfunga Ajax mara zote mbili msimu ule. Timu za mkiani kwetu ziliupenda sana mfano huo. Mimi haukuniridhisha, na sababu si Ajax. Ni Cambuur, klabu iliyokuwa ikiongoza daraja la pili, imeshakaribia kabisa kupanda, ikaambiwa rudi ulikotoka. Ukisema "tusimuumize mtu" kisha ukafuta kila kitu, umemuumiza aliyekuwa nje akisubiri mlango ufunguliwe.

Aprili 30 ikaleta mifano miwili kwa siku moja. Ufaransa walikatiza ligi yao na kutumia wastani wa pointi kwa mechi, hesabu ile ile ya nahodha wetu wa Kongowea. Paris Saint-Germain wakawa mabingwa na hakuna aliyelia sana, maana walikuwa mbali. Kilio kilikuwa chini. Klabu ya Amiens walishushwa wakiwa pointi 4 nyuma ya usalama, na mechi 10 zilikuwa zimebaki. Wakaenda mahakamani pamoja na Toulouse, walioshushwa nao, na Juni baraza kuu la sheria la nchi hiyo likasimamisha kushushwa kwao, lakini mwishowe vilabu vyenyewe vikakaa na kuwashusha vilevile.

Siku hiyo hiyo, hapa kwetu, rais wa Shirikisho la Soka Kenya, Nick Mwendwa, alitangaza msimu umekwisha na Gor Mahia ndio mabingwa. Walikuwa na pointi 54, saba mbele ya Kakamega Homeboyz. Kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi kuu ikapinga, ikisema uamuzi huo ni wake. Kwa mashabiki wa Bandari hapa Mombasa habari yenyewe ilipita tu. Sisi kombe letu la Ngao tulilitwaa 2019, huo haukuwa msimu wetu. Mimi nilichokishika ni ule mvutano. Watu walitumia nguvu nyingi kugombania nani mwenye kauli, ilhali mpira ulishasimama tangu Machi. Kanuni isiyosema nani ataamua siku ya dhiki haijakamilika, hata ingekuwa na kurasa mia.

Waliotaka tumalizie nao walikuwa na mifano, na mizuri. Ujerumani walirudi uwanjani Mei 16, viti vitupu. Uingereza walikuwa wakijiandaa kurudi Juni 17, na mashabiki wa Liverpool katika grupu walikuwa na homa kuliko ya korona: timu yao ilikuwa pointi 25 mbele na mechi 9 zimebaki, baada ya kukaa miaka 30 bila ubingwa wa ligi. Ukiwatajia neno "kufuta" walikuwa tayari kuhama grupu. Na kuna shabiki mmoja wa Simba, beki wa Kongowea, aliyetuchoma kwa mfano wa karibu zaidi: "Dar es Salaam ni hapo tu, ligi yarudi Juni. Sisi twangoja nini?" Kweli Tanzania walirudi, wakamaliza, Simba akachukua ubingwa wake.

Nilikaa na swali la beki huyu kwa muda. Jibu jepesi ni kwamba serikali yao iliruhusu na yetu haikuruhusu. Lakini hata wetu wangeruhusu, ningetaka kujua nani analipa. Ligi ya Uingereza ilirudi kwa sababu isingerudi, vilabu vingedaiwa kuzirudishia televisheni mamia ya mamilioni ya pauni. Kila wiki walipima wachezaji, waliwaweka mbali na watu, walikuwa na pesa za kufanya hivyo na hasara ya kutofanya ilikuwa kubwa zaidi. Ligi kuu ya Kenya haikuwa hata na mdhamini mkuu, SportPesa walikuwa wameondoka 2019. Sasa teremka mpaka kwetu, ambako kipimo cha korona cha mtu mmoja kingemeza ada ya timu nzima. Mwenye pesa anaweza kuuliza lipi ni haki. Asiye nazo huanza na lipi linawezekana.

Nikaanza kupiga simu, timu kwa timu, kuuliza jambo moja tu: tukianza kesho, mna watu wangapi?

Majibu ndiyo yaliyonifundisha zaidi ya mifano yote ya Ulaya. Vijana waliokuwa wakifanya kazi kwenye mahoteli ya Nyali na Bamburi walikuwa wamerudishwa nyumbani, wengine walitoka kwenda bara kabla mji haujafungwa na hawakuweza kurudi. Kipa wa Tudor alikuwa Kwale kwa mama yake, na Kwale hakutoki mtu. Vibarua wa kupakua mizigo walikuwa wakipata siku moja kwa juma, na siku hiyo hawakuweza kuipoteza kwa ajili ya kona na penalti. Timu ya Likoni, hao hao vinara, ilikuwa na kibarua kingine: mechi zetu huanza saa kumi jioni jua likipoa, na kwa kafyu ya saa moja, mchezaji wa ng'ambo angetakiwa kuikimbilia feri kabla refa hajapuliza. Mji wa Kale ndiyo kabisa, walikuwa nyuma ya vizuizi. Ingewezekana kuzikusanya jezi za timu 12. Waliozivaa Machi wasingepatikana.

Kwa hiyo niliacha kuamini kwamba kumalizia ndiyo njia safi. Watu husema uwanja haudanganyi, lakini mechi sita au nane zilizochezwa baada ya miezi, na watu wengine, zingekuwa mashindano mengine yaliyobandikwa kwenye msimamo wa zamani. Na kungoja kwenyewe hakukuwa na mwisho. Waliokuwa wakisema "tusubiri kidogo" mwezi wa Aprili wangesubiri hadi Novemba 28, siku ligi kuu ilipoanza tena, na hiyo ilianza kama msimu mpya.

Wakati tukigombania kombe, mweka hazina alikuwa ameketi juu ya pesa. Zilikuwa za marefa na vifaa vya mechi zilizobaki. Refa mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alinipigia akauliza kwa aibu kama anaweza kupewa nusu ya malipo ya mechi ambazo hatachezesha. Nikalipeleka kwa kamati. Mwenyekiti akaongeza lake: mbona tusiwatazame na wachezaji waliokosa kazi? Jioni moja, baada ya tarawehe za nyumbani, tukakubaliana kwenye simu: nusu ya malipo kwa marefa, na kilichobaki kinunuliwe unga, mchele na mafuta, kila timu itaje wenye shida zaidi. Timu zote 12 ziliitikia usiku ule ule. Watu hawa hawa wiki kadhaa walikuwa wameshindwa kukubaliana nani wa kwanza kwa tofauti ya nukta sifuri moja.

Baada ya hapo bado waliendelea wachache kuandika "tukirudi uwanjani". Nikawaacha. Pesa za kurudia zilikuwa zishapikwa.

Kikao tulikifanya Juni, baada ya kafyu kusogezwa hadi saa tatu usiku na Mji wa Kale kufunguliwa. Tulikaa pale uwanjani, mjumbe mmoja kwa kila timu, barakoa usoni, kila mtu na jiwe lake. Mwenyekiti alianza na jambo ambalo mimi naona ndilo lililotuokoa. Alisema kwenye swali la bingwa, Likoni, Mji wa Kale na Kongowea watazungumza lakini hawatapiga kura. Kwenye swali la kushuka, timu mbili za mkiani na mbili za kwenye foleni zitazungumza, hazitapiga kura. Kukawa na kelele. "Mwizi na mwenye mali hawakai kwenye jopo," akasema, na mimi nikajiuliza kimoyomoyo nani mwizi hapo, lakini hoja ilipita.

Nilipewa nafasi ya kueleza hesabu. Nilipendekeza mzunguko wa kwanza, nikasema wazi kwamba wastani haukunikaa. Kugawanya pointi kwa mechi husawazisha idadi, hakusawazishi wapinzani. Kongowea katika mechi zao tatu za mzunguko wa pili walikuwa wamecheza na timu mbili za mkiani. Likoni walikuwa wamekutana na Mji wa Kale na Kongowea wenyewe. Mzunguko wa kwanza una kasoro yake pia, unatupa kapuni mechi watu walizozitolea jasho. Lakini ndio pekee ambao ukimwonyesha aliyeshindwa hawezi kusema "mimi sikupewa mpinzani yule". Kura tisa, saba zikakubali. Mji wa Kale wakawa mabingwa.

Kuhusu kushuka nilikuwa na msimamo mkali zaidi, na bado ninao. Bingwa anaweza kupatikana mezani. Aliyekosa kombe ana msimu ujao wa kulitafuta. Anayeshushwa mezani ananyang'anywa huo msimu wenyewe. Scotland walimpa Celtic ubingwa na kuwashusha Hearts kwa tangazo lile lile, Hearts wakiwa pointi 4 nyuma na mechi 8 hazijachezwa, na mambo mawili hayo hayana uzito mmoja hata kidogo. Basi hakuna aliyeshuka. Ila sikutaka pia walio kwenye foleni wayapate ya Cambuur, kwa hiyo timu mbili mpya zikaingia na ligi ikawa ya timu 14. Mechi zimekuwa nyingi mno tangu hapo na marefa wananilaumu mimi. Wana haki.

Kocha wa Likoni alinifuata nilipokuwa nikifunga daftari. "Bi Katibu, hesabu yako naiheshimu. Lakini mkono sikupi, na si kwa sababu ya korona." Mbuzi wawili walikuwa wameshakuwa mmoja, biashara ya vipuri ilikuwa imelala, na jezi hazikuja kabisa.

Kabla ya msimu mpya tuliandika kifungu. Nahodha wa Kongowea nilimwomba anisaidie lugha, kwa kuwa wahasibu huona mianya. Kinasema hivi: mashindano yakisimama kwa amri ya serikali na yasirejee ndani ya siku 60, msimu umekwisha. Yakisimama kabla ya kila timu kukutana na kila timu, hakuna bingwa, na ada iliyobaki inahamia msimu unaofuata. Yakisimama baada ya hapo, bingwa ni wa mzunguko wa kwanza. Hakuna kushuka kwa namna yoyote isipokuwa mechi zote zimechezwa. Mwenye maslahi hapigi kura.

Hatukudhani kingehitajika upesi. Machi 26, 2021 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha michezo tena nchini. Ligi kuu ilirudi Mei, na mwishowe Tusker wakaibeba. Kwetu mambo yalichukua muda mrefu zaidi, kwani uwanja wetu ulikuwa umefungiwa kwa sababu nyingine na siku 60 zikapita. Mzunguko wa kwanza haukuwa umekamilika. Aliyekuwa akiongoza, safari hii kwa pointi nyingi na bila viporo, ni Kongowea.

Nilituma tangazo la mistari mitatu kwenye grupu. Muda si muda nahodha wao akanipigia, akataka nimsomee kile kifungu neno kwa neno. Nikamsomea. Akaniuliza nani aliyeweka maneno "kabla ya kila timu kukutana na kila timu". Nikamwambia atazame mwandiko kwenye rasimu, si wangu ule.

"Ni wangu," akasema. Kisha akauliza ada yao iliyobaki ni kiasi gani.